Mkono wa Kulia wa Tadea

Mimi nauza chumvi, bizari na mafuta ya kula katika soko la Mbinga, na meza yangu imegusana na meza ya Tadea tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Kwa hiyo mtu akikwambia Tadea aliupata udiwani kwa hirizi au kwa uzuri, mwambie Tunu binti Omary kasema wewe ni mwongo. Uzuri gani? Mzuri wa soko hili ni mimi. Tadea aliupata udiwani kwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na nusura aukose kwa usipa huohuo.

Kwao ni Ngumbo, kulekule ziwani. Mumewe alivuka kwenda Malawi kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine juu yake. Tadea alilia kidogo, akaona machozi hayaliwi na ugali. Akajaza usipa kwenye ndoo, akapanda nao huku milimani. Na mwezi aliochagua? Wa saba! Mtoto wa watu kazoea joto la mchangani, kajifunga kanga, meno yanagongana, na hakuna anayemnunulia kwa sababu hakuna anayemjua.

Aliyemnunulia wa kwanza ni Bibi Notburga wa Matiri, muuza maharage. Tadea alimpimia kopo, likajaa. Halafu mkono wake wa kulia ukarudi kwenye ndoo, ukachota kiganja kingine, ukamwaga juu. Bibi akatazama ile nyongeza, akachota maharage yake kwa viganja viwili, akamtilia Tadea kwenye kanga.

"Na wewe nyongeza yako, mwanangu. Kapike ule. Baridi hii haina adabu."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Ndoo ikawa gunia, gunia likawa gari zima, mpaka kina mama wa Ngumbo wakawa wanamwanikia yeye tu. Lakini mezani alikaa mwenyewe, na hakuna aliyeondoka bila nyongeza, awe mchuuzi, padri au askari mwenye sura ya kukamata mtu. Mimi damu yangu ni ya Kilwa, tunahesabu hata punje ya pilipili. Nilikuwa namwambia, "Tadea, wewe utafilisika kwa viganja!"

Ananijibu, "Tunu, kopo ni la biashara. Kiganja ni cha mtu."

Basi mwaka wa uchaguzi ukafika, na paa la soko linavuja. Diwani aliyekuwepo alikuwa anatuambia suala lipo kwenye mchakato. Siku moja mvua ilimlowanishia Tadea magunia yote, akasimama juu ya kigoda akapiga kelele, "Mchakato wenu umeniozeshea usipa! Nagombea mimi!" Soko zima tukapiga vigelegele. Yule diwani mzee alikuwa anastaafu, kwa hiyo mpinzani akawa Bwana Urbani, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kaunda suti na maneno marefu. Urbani akikusalimia, unahitaji kiti.

Tadea hakujua kuhutubia. Mkutano wake wa kwanza alishika kipaza sauti, akawaangalia watu, akasema, "Karibuni, karibuni, wakavu, hawana mchanga!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na wakamwelewa vizuri zaidi kuliko walivyowahi kumwelewa Urbani. Tukajua kiti tumekipata.

Hapo ndipo shetani alipopita. Kijana wa Urbani alikuja mezani na simu, akampiga picha Tadea akimwongezea mteja kiganja, akaipeleka kwa msimamizi wa uchaguzi. Tadea akaitwa. Mimi nilimsindikiza, nikakaa pembeni nimenuna. Msimamizi alisema kwa upole kwamba mgombea kuwapa wapiga kura kitu cha bure ni rushwa.

"Ni nyongeza, baba," Tadea akasema.

"Mama, nyongeza ni kitu?"

"Ni kitu."

"Ni ya bure?"

Tadea akaanza kueleza habari za kopo na kiganja. Akaambiwa kikionekana kiganja kingine, jina lake litakatwa.

Haya! Nikamshauri afunge meza mpaka uchaguzi upite. Akaniuliza watoto wake watakula mabango? Nikajitolea nimuuzie mimi. Nilimuuzia siku mbili, wateja wote wakaanza kusifu maharage. Wanasema nilikuwa nafuta juu ya kopo kwa kidole. Nilikuwa nasawazisha tu, wallahi. Ikabidi arudi mwenyewe.

Tatizo ni kwamba ule mkono haukujua habari za uchaguzi. Ukimaliza kupima, unarudi wenyewe kwenye gunia. Kwa hiyo kazi yangu katika kampeni ile, wengine wakibandika mabango na kuimba, ilikuwa kuuchapa mkono wa Tadea. Ukinyanyuka, paa! Mwishowe akaukalia kabisa, akawa anapima kwa kushoto. Mjini ikavuma kwamba Urbani kamroga, mkono umepooza. Kina mama wawili wakaja kumwombea palepale mezani, na Tadea, badala ya kukanusha, akaitikia amina.

Tulieleza, nani asikie? "Sheria gani hiyo inaogopa kiganja cha dagaa?" wanasema. "Hajachaguliwa kashabana, akichaguliwa je?" Urbani naye akalidaka neno hilo, akawa analitembeza kwenye kila mkutano. Yeye aliyetushtaki! Nilitamani nimmwagie pilipili.

Lakini la Bibi Notburga ndilo lililomvunja Tadea. Bibi alikuja na bakuli lake. Tadea akapima kwa kushoto, kopo sawasawa, akammiminia. Bibi akabaki kanyoosha bakuli.

"Imeisha?"

"Imeisha, Bibi. Ni sheria ya uchaguzi, Bibi, mimi..."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Hakungoja jibu. Alifunika bakuli kwa kitambaa, akaondoka. Soko lililofuata hakuja, na lililofuata tena hakuja, na wanawake wote wa jumuiya yake wakanunua usipa kwa mtu mwingine. Tadea alilia mbele yangu. Akasema, "Tunu, kama kiti ni hiki, sikitaki. Naenda Matiri na kisado kizima, jina walikate." Nikamwambia akithubutu namkata mimi kwanza, na paa atalijenga nani?

Siku ya soko ya mwisho kabla ya kura, namwona Bibi huyo, anapita upande wa pili kama hatujui. Damu ikanipanda. Nikaruka meza, umri huu.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba."

"Sasa naomba nikukosee adabu. Huyu mtoto akikuongezea hata mmoja, jina lake linakatwa! Hana maringo wala mkono haujapooza, ameukalia! Njoo uone mwenyewe ulivyokufa ganzi kwa ajili ya paa letu, na wewe unamnunia kama mke mwenza!"

Bibi alinitazama, nikajua nimejitafutia laana. Akakata njia moja kwa moja mpaka mezani kwa Tadea.

"Huruhusiwi kutoa?"

"Siruhusiwi, Bibi."

"Pima."

Tadea akapima kwa kushoto, machozi yanadondokea usipa. Bibi akalipa. Halafu, mbele ya watu, akaingiza mkono kwenye bakuli lake mwenyewe, akachota kiganja, akakirudisha kwenye gunia la Tadea.

"Na wewe nyongeza yako," akasema. "Mimi sigombei."

Jamani! Aliyekuwa nyuma yake akafanya vilevile, na wa nyuma yake, foleni mpaka kwenye ndizi. Watu wananunua, wanalipa, wanarudisha kiganja, wanacheka. Kijana wa Urbani alipiga picha akakimbia nayo kwa msimamizi, kusema wananchi wanamhonga mgombea. Tulisikia msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilipiga vigelegele sauti ikakauka.

Tadea alishinda, tena vizuri. Aliapishwa akiwa na gauni la kitenge nililomchagulia mimi, na kesho yake alfajiri alikuwa mezani, maana paa litajengwa na udiwani lakini ugali unatoka kwenye usipa. Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Notburga na bakuli.

"Mheshimiwa, mkono umepona?"

"Umepona, Bibi."

Akapima kwa mkono wa kulia. Kopo sawasawa. Akammiminia, akafunga gunia, akanyoosha mkono apokee hela.

Tukatazamana mimi na Bibi. Ule mkono ulikuwa umetulia tuli, kama mkono wa diwani yeyote. Miezi yote niliyouchapa, ulikuwa unajifunza. Nikaona, nakwambia, ni mimi niliyeuharibu.

Nikauchapa kofi ambalo sijawahi kuuchapa hata kwenye kampeni.

"Ongeza!"

Tadea akatazama bakuli, akatazama mkono wake, akaweka mkono kifuani. "Mama yangu," akasema. Akafungua gunia, akachota kwa mikono yote miwili, akamwaga mpaka usipa ukadondoka chini, na Bibi akainama kuuokota mmoja mmoja.

"Tunu," Bibi akasema akiwa palepale chini, "usihame meza hiyo."

Sijahama.