Hatua ya Nne Inamkubali Mama Mdogo Tu

Mama mdogo wangu anaandika maelekezo. Si ya dawa wala ya njia. Ni ya kuweka programu kwenye kompyuta. Programu yenyewe ni ya maktaba, inaonyesha nani kaazima kitabu gani na atakirudisha lini, na haiuzwi. Walioitengeneza wako mbali, hata sura zao hajawahi kuziona. Kazi yake yeye ni ukurasa mmoja tu wa mtandaoni, na huu ni mwaka wa tano yuko nao.

Nilidhani ukurasa mmoja unaandikwa mara moja, basi. Kumbe hauishi. Kompyuta zinazotumia Linux, mfumo wa kuziendesha usiouzwa, ni kama ukoo: babu mmoja, nyumba nyingi, na kila nyumba na mambo yake. Nyumba ya Debian inaagiza programu kwa amri hii, nyumba ya Fedora kwa amri ile. Kitu kilekile huku kina jina moja, kule kina jingine. Kila baada ya miezi kadhaa nyumba mojawapo inatoa toleo jipya, na maelekezo yaliyokuwa ya kweli jana leo yanakuwa uongo. Shule niliiacha mapema, nikafikiri ndiyo sababu sielewi. Lakini nikimtazama usoni naona hata yeye mara nyingi haelewi, ila amezoea.

Meza yake iko sebuleni, upande wa dirisha. Upande wa mlango tumempangisha fundi cherehani, mzee mwenye maneno mengi, ndiye aliyempa jina la Mama Hatua. Kila asubuhi humuuliza leo amefika hatua ya ngapi, na kama huko anakokwenda kuna chakula.

Mwezi ule mkutubi mmoja alimwandikia mara tatu. Maktaba yake ilipewa kompyuta kumi na mbili, zote za Fedora. Hatua ya kwanza mpaka ya tatu zilikwenda vizuri. Ya nne, kompyuta ilimjibu kwamba kitu alichoagiza hakipo. Mama mdogo akajaribu kwake, ikakubali. Akamjibu afuate hatua kama zilivyo, asiruke kitu. Yule akaandika tena, mama mdogo akajaribu tena, ikakubali tena. Barua ya tatu ilikuwa fupi: mkuu wake amesema Ijumaa akikuta kompyuta hazifanyi kazi, zote zinahamishiwa ofisi ya ardhi, na maktaba inarudi kwenye daftari.

Jumatano mchana mkutubi akaja mwenyewe, amekumbatia kompyuta moja iliyoviringishwa kwenye shuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, na kabla hajakaa alikuwa ameshaomba radhi mara mbili. Alisema huenda kichwa chake ni kizito. Kazini wameshaanza kumwambia hivyo.

Kompyuta mbili zikawekwa ubavu kwa ubavu. Fedora na Fedora, toleo lilelile. Mama mdogo akamwambia aandike mwenyewe, yeye ataangalia tu bila kugusa. Mkutubi aliandika kwa kidole kimoja, kila herufi akiitamka kwa midomo. Nilikuwa nafuatisha kwa macho, hakuruka kitu. Hatua ya nne ikakataa. Mama mdogo akaandika amri ileile kwake. Ikakubali.

Wakabadilishana waya wa mtandao. Vilevile. Wakazima zote na kuziwasha. Vilevile. Mama mdogo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilitazama kioo hiki na kile mpaka nikasahau kipi cha nani. Cherehani ikanyamaza.

"Mama Hatua," fundi akasema, "hilo gauni ulilipima kwenye mwili wa nani?"

"Niache, fundi."

"Nauliza tu. Mimi nikimshonea mteja kwa vipimo vyangu, litanikaa mimi."

Mama mdogo akavuta kibodi, akaandika amri ambayo haimo kwenye ukurasa, ya kuiuliza kompyuta inachukua programu zake wapi. Maana kompyuta hizi huzitoa kwenye maghala yaliyoko mtandaoni, na ghala zisilolijua haziwezi kulifungua. Ya mkutubi ikataja maghala ya Fedora yenyewe, ikaishia hapo. Ya mama mdogo ikayataja hayohayo, na chini yake jingine moja, la nje.

Akasema, kama anayejisemea, kwamba ghala lile alilifungua miaka mitatu iliyopita, siku video ya harusi ya kaka yake ilipogoma kucheza, apate programu ya kuichezesha. Akalisahau. Kitu cha hatua ya nne kimo humo, na ukurasa wake haujawahi kumwambia mtu alifungue.

"Kwa hiyo si mimi," mkutubi akasema.

"Si wewe, dada. Ni mimi."

"Wiki tatu nimejiona mjinga."

Mama mdogo hakujua mikono aiweke wapi. Akaongeza kwenye ukurasa hatua iliyokosekana, ya kulifungua ghala lile, akampisha mkutubi aianze safari upya kwa kidole chake kimoja. Ikakubali. Akairudia mara ya pili, hakuamini.

Ijumaa jioni ujumbe ukaja: mkuu amezikuta zote kumi na mbili zinafanya kazi, amezunguka chumba, ameondoka mikono mitupu. Mimi nikacheka. Mama mdogo akakunja uso.

"Huyu aliniandikia mara tatu," alisema. "Wangapi walikwama hapohapo wakaondoka kimya?"

Mtu wa namna hiyo hata sijui unamhesabu vipi.

Jumamosi aliifuta kompyuta yake nyingine, ya Debian, mpaka ikawa tupu kama imetoka dukani. Nikamuuliza sehemu ya Debian ina kosa gani. Akasema hajui, hakuna aliyelalamika. Akafungua ukurasa wake, akaanza kuusoma kwa sauti na kuufuata neno kwa neno. Hatua ya pili ikakataa.