Buti za Askari wa Kizuizini

Pale Ndosho, hapa Goma, ninapouza viatu vya mitumba, habari za vita hatukuzingoja redioni. Tulizisoma kwenye vitu ambavyo askari walileta sokoni. Wakianza kuuza sardini, ujue mshahara umechelewa kidogo. Yakifuata mablanketi, umechelewa sana. Zikifika buti, funga mizigo. Kanuni hiyo hakuna aliyeiandika, ila sijaona mchuuzi aliyeidharau akabaki na mali yake.

Siku ile askari aliniletea buti.

Nilimfahamu. Alikuwa kaporali kijana wa kizuizi cha barabara ya Rutshuru, juu kidogo ya Kanyaruchinya, karibu na nyumba ya mama yangu. Alitoka mbali, upande wa joto, na baridi yetu ilikuwa imempasua midomo. Miguuni alivaa kandambili za bluu.

"Muzee, dola kumi na tano."

"Tano."

"Muzee! Hizi ni buti za serikali."

"Njo maana nimesema tano. Za serikali hazina risiti."

Akacheka bila kutaka. Tulimalizia saba. Nilizigeuza soli, nikatafuta mshono uliofumuka, nikatafuta tena, sikuuona. Biashara nzuri kabisa. Nilipoziweka mezani ndipo nikakumbuka: mtu niliyemshusha bei ndiye aliyesimama kati ya waasi na mama yangu.

"Mushahara wenu uko wapi?"

"Wanasema ile sheria ya pesa ya jeshi bado haijapita. Wabunge wako konje, wanapumzika kwao. Wakirudi wataichunguza."

Alisema bila hasira, kama anayeeleza kwamba kutanyesha. Hilo liliniogopesha kuliko kama angetukana.

"Na waasi, nao wako konje?"

Alikunja noti zake akaenda kununua unga.

Mama alikuwa na mguu mbaya, na ubishi uliomzidi mguu. Mwaka ule mlima wa moto ulipopasuka nilimshusha juu ya chukudu yangu, hii baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, tunayobebea mizigo. Tuliporudi tulikuta moto umepita pembeni, nyumba nzima, mbuzi wawili wameibwa. Basi akaamua kwamba hasara inatokana na kukimbia. "Mulima haukunikula," alizoea kusema, "ni wezi njo walinikula." Kila uasi uliofuata alinirudishia maneno hayo. Na sasa alikuwa na sababu mpya: wale askari. Kila Jumapili aliwapelekea sufuria ya maharagi, akaniapia, "Wakiwa pale, sitoki. Wakitoka, nitatoka."

Nilipiga hesabu. Kutoka kizuizini mpaka mlangoni kwake, mtu anayekimbia anatumia dakika kumi. Kumtoa mama ndani na kumfunga vizuri kwenye chukudu, dakika ishirini. Nilirudia hesabu hiyo, na mara zote mbili mama alibaki ndani.

Asubuhi iliyofuata mizinga ililia upande wa Rutshuru, kwa sauti kama ya mtu anayemwaga mbao kutoka kwenye lori. Nilitupa buti kwenye chukudu, nikapanda kwenda kwa mama. Watu walikuwa wakishuka na magodoro kichwani, hakuna aliyesema neno. Goma si mji wa watu wanaonyamaza. Nikaongeza mwendo.

Kizuizini, Jumapili iliyopita walikuwa saba. Sasa walikuwa wanne: kaporali na wenzake watatu, wote wanne na kandambili.

"Chukua buti zako," nilimwambia. "Ile saba utanirudishia siku wabunge watarudi."

"Muzee, umekuwa padri?"

"Vaa, niko na haraka."

Akavaa, akafunga kamba taratibu.

"Sasa utasimama?"

"Miguu itasimama." Akachomoa magazini ya bunduki, akamimina risasi ndani ya kofia yake, akaniletea karibu. Nilizihesabu kwa macho. Kumi na moja. Nikazihesabu kwa kidole. Kumi na moja.

"Zingine?"

"Ziko ndani ya ile sheria." Halafu akashusha sauti. "Mama ya maharagi, umutoe leo. Hatutakuwa na muda wa kumupitia."

Mimi si mtu wa siasa, mimi ni mtu wa bei, na ninajua kwamba pesa inayochelewa hainunui tena kile ilichotakiwa kununua. Nchi inayotaka kulindwa imlipe mlinzi kabla mwizi hajafika. Sheria ikipigiwa kura baada ya mji kuanguka, itanunua nini? Buti za kukimbilia.

Mama nilimkuta anachagua maharagi, sufuria moja tayari iko motoni.

"Askari wako?"

"Wako."

"Basi."

"Mama, yule kaporali wako iko na risasi kumi na moja."

Vidole vyake vikasimama. "Na wengine?"

"Sikuuliza. Niliogopa jibu."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

Alinitazama. Ananijua mtoto wake. Hata chenji ya sadaka nilikuwa nahesabu mara mbili. Akaweka ungo chini.

"Leta chukudu. Lakini kwanza wapelekee ile sufuria."

"Mama, hakuna muda!"

"Mimi siwezi kuwaacha na njaa, halafu nishuke."

Nilibishana, nikashindwa, kwa mama sijawahi kushusha bei hata siku moja. Nilipanda mbio, mchuzi ukiniunguza mapaja. Kaporali alipokea sufuria kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama anavyofanya mtu kwa mama mkwe wake. Mizinga ilikuwa imesogea.

Nilimfunga mama akitazama nyuma, mguu mbaya juu ya gunia, nikaanza kushuka. Nilikuwa siwezi kugeuka. Barabara ilijaa watu na mawe ya mlima. Tulipofika nusu ya njia, nyuma yetu kulilipuka, kisha risasi ndogondogo, kisha kimya.

"Mama, unaona nini?"

"Watu."

"Askari?"

"Wanashuka."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Hesabu tena."

Akahesabu kwa kidole.

"Watatu. Wote kandambili."

Nikasukuma.