Bogenvilia ya Mama Mlangoni

Mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, jambo la kwanza aliloniomba kwenye simu lilikuwa nije na khanga ya heshima. La pili lilikuwa ua lake. "Usiliache likafa," aliniambia, wakati majirani wanambeba kumpandisha garini.

Ua lenyewe ni bogenvilia ya zambarau, imepandwa kwenye pipa lililokatwa nusu, mbele ya nyumba yetu ya Kariakoo. Nyumba za chini kama yetu zimebaki chache, zimebanwa na maghorofa ya maduka. Mama alikuja na kijiti chake kutoka Lindi, kimefungwa kwenye gazeti bichi, na kijiti hicho kikakua mpaka kikapita juu ya mlango na kutambaa kwenye bati. Wageni wakipotea huelekezwa hapo: "Nenda mpaka kwenye yale maua, kata kushoto."

Mimi nilikuwa napanga Ilala, nafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini. Nikahamia kwa mama ili kuilinda nyumba, na kila asubuhi kabla ya kutoka nililimwagia lile ua ndoo nzima. Jioni nikirudi, ndoo nyingine. Ilikuwa masika, mvua zenyewe zinanyesha kutwa, lakini mimi niliona nimeahidi, basi natimiza.

Wiki ya pili majani yakageuka manjano. Wiki ya tatu ukiligusa tu yanapukutika. Nikazidisha maji.

Kila nikienda Upanga kumwona wodini, mama aliuliza swali lile lile.

"Ua langu je?"

"Linachanua, mama."

"Linachanua?"

"Sana. Watu wanasimama kupiga picha."

Akageukia dirishani. Nikajua ameridhika. Nami nikamuuliza mguu unaendeleaje. "Hauumi hata kidogo," akasema.

Kisha nikaambiwa Ijumaa ataruhusiwa. Moyo ulifurahi, halafu ukakumbuka. Jumatano nikasimama mbele ya pipa nikitazama fito tupu na miiba. Nikakodi bajaji hadi wanapouza miche kando ya barabara, nikachagua bogenvilia kubwa kuliko zote. Muuzaji aliapa ni ya zambarau. Nikarudi nimeipakata, nikaazima chepe, nikaanza kuchimba ili niling'oe lile la zamani.

Jirani yetu mwenye duka la vitambaa alitoka mlangoni. Ni mama wa Kiarabu, amezaliwa mtaa huo huo, na yeye na mama yangu wamekuwa marafiki tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unalifanya nini ua la mwenzangu?"

"Limekufa. Naweka jingine kabla hajarudi."

"Nani kakwambia limekufa?"

Akachukua ufunguo wa duka lake, akakwangua gome la shina. Chini ya gome kulikuwa na kijani kibichi kabisa. Nikaweka chepe chini, nikakaa kwenye baraza.

"Unalimwagilia mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku."

"Masika hii? Mwanangu, hili hujaliua, umelizamisha."

Tuliinamisha pipa. Tundu la chini lilikuwa limezibwa na udongo na mizizi. Nikalizibua kwa kipande cha nondo, na maji meusi yakamwagika mpaka kwa muuza soksi, ambaye alihamisha meza yake akinung'unika. Nikatoa udongo uliooza, nikakata mizizi iliyolainika na nusu ya matawi, nikajaza udongo mpya uliochanganywa na mchanga, kisha nikaliinua pipa juu ya matofali. Jirani alinionya nisiguse ndoo. "Likishiba maji linalala. Liache lione kiu kwanza."

Ijumaa mama alishuka kwenye teksi kwa magongo. Alisimama mbele ya zile fito fupi. Uongo wote ulikuwa umeniishia.

"Mama, nilikudanganya."

"Nilijua siku ile ile. Bogenvilia gani inafunika ukuta kwa maua katikati ya masika?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana." Akaegemea gongo moja, akaanza kucheka. "Na mimi nilikwambia mguu hauumi. Nilikuwa nang'ata shuka, baba."

Tulicheka pale barabarani mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Nilihisi kama nimetua gunia ambalo nilishasahau kwamba nimelibeba.

Machipukizi ya kwanza yalitoka mvua zilipopungua, madogo, mekundu kidogo kwenye ncha. Mama alinipigia simu kazini kunitangazia. Mche nilioununua tulimpa jirani, akauweka mlangoni kwake, na ulipochanua maua yalikuwa ya rangi ya chungwa. Ningeumbuka mchana kweupe.

Siku hizi nimerudi Ilala, ila Jumapili naenda na mkasi. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananielekeza tawi la kukata, nami nakata. Wiki iliyopita nilimkuta ameshasimama mwenyewe, bila gongo, mkono mmoja ukutani, anaokota maua yaliyoanguka kizingitini.