Mstari wa Juu Haukuwa Chumba cha Mwisho

Saa moja asubuhi, Nachingwea. Isihaka Adinani anachomoa fyuzi moja kwenye ubao wa umeme wa bweni, anaitia katika mfuko wa shati la mwenzake Kipriani asije mtu akairudisha, kisha anaugusa waya ulio wazi kwa mgongo wa mkono wake.

Mwandishi wa habari hizi anajiziba mdomo. Isihaka hapepesi hata jicho.

"Hauna moto," anasema. "Panda."

Kipriani hapandi. Anaitazama ngazi.

Bweni hili lina vyumba vinne na jiko. Umeme wake unatoka kwenye injini iliyobaki baada ya mradi wa karanga kufa. Kabla ya kuajiriwa kumsaidia fundi umeme, Isihaka alijenga nyumba za udongo kwao Mbekenyera. Huko nyumba huchorwa ardhini kwa mpini wa jembe: kilicho mwisho wa mchoro ndicho kitakachokuwa mwisho wa nyumba.

Mwezi uliopita fundi aliugua, akamwachia mchoro wa umeme wa bweni. Isihaka aliusoma kama anavyosoma ardhi. Mstari wa juu kabisa aliudhani chumba cha mwisho. Akachomoa fyuzi yake, akamwambia Kipriani apande ngazi chumbani humo kutengeneza waya wa taa.

Kumbe mchoro ule hauonyeshi chumba kilipo. Unaonyesha umeme unavyogawanywa: swichi kuu, ubao wa fyuzi, kisha njia ya kila fyuzi. Mstari wa juu ulikuwa wa jiko.

Kipriani alinasa kwenye waya mpaka ngazi ilipoanguka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi kazini.

"Hakuna aliyenifundisha," anasema Isihaka. "Lakini aliyesema panda ni mimi."

Sasa huufuata mchoro kwa kidole, kutoka swichi kuu hadi taa, akisoma jina la chumba kwenye kila njia. Hata hivyo haamini mpaka aguse. Taa ya kupimia kama waya una moto ni moja tu, nayo fundi amekwenda nayo Ruangwa.

Na akikosea tena? "Nitaanza kufa mimi."

Kipriani anapapasa fyuzi mfukoni, kisha anamtania kwa kabila lake. "Mmwera, ukiniua kaburi utachimba wewe. Na jembe ulishalikimbia, nitaoza huko juu."

Anapanda.

Isihaka ameishika ngazi kwa mikono yote miwili. Mwisho wa mwezi, anasema, atanunua globu na waya atengeneze taa ya kupimia. Atakaa nayo Kipriani.

"Mimi mkono ninao," anasema Isihaka.