Pumzi Katika Waya ya Chini

Siku yangu ya kwanza transmisio, kitengo cha redio cha jeshi, pale kambini Kalemie, nilisimama katikati ya kiwanja nikitazama juu hadi shingo ikauma. Nilikuwa natafuta mlingoti. Biro ya fonia, redio yetu ya kusemea, nilikuwa nimeiona, jenereta nilikuwa naisikia, lakini mlingoti hakuna. Ajida, mkuu wetu wa transmisio, mwanaume mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akatoka na kikombe chake cha chai.

"Mama, unatafuta nini huko juu? Ndege?"

"Antena, Ajida."

"Basi utoke kwanza pale. Uko unaikanyaga."

Nikaruka. Askari wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nilipotazama vizuri niliona mstari mrefu ambapo majani yaliota membamba, yenye rangi ya manjano, na sikuupenda hata kidogo.

Ninyi wenye telefone mfukoni mtauliza antena ya chini ya ardhi inafaa nini. Ngojeni niwaeleze, na msinikatize. Unachukua waya yenye ngozi ya plastiki, mikono miwili, kila mmoja unaelekea upande wake. Unachimba mfereji mwembamba, kina cha mkono mpaka kiwiko, unailaza, unaifukia. Ncha unaziziba kwa mpira, maana maji yakiingia kazi imeharibika. Mawimbi yanapanda wima mpaka angani, yanarudi chini nyuma ya milima, na muntu wa Nyunzu anakusikia. Nguvu nyingi inaliwa na udongo, sibishi. Lakini adui haoni kitu cha kupiga. Na kama hamna nafasi ya kuchimba, mnailaza tu juu ya ardhi, ndani ya majani.

Adui wetu mkubwa kambini alikuwa jembe. Wake za askari, wee! Ukigeuka tu wamepanda muhogo juu ya mfereji, na jembe limekata waya. Nilipiga kelele miaka yote, hawakunisikia.

Lakini kitu ambacho hakuna aliyenionya juu yake ni ukimya. Waya ya mlingoti inaleta ngurumo na makelele ya dunia nzima. Waya ya chini inaleta sauti dhaifu lakini safi, kama muntu amelala kando yako anakunong'oneza sikioni. Unasikia mate yake. Unasikia anavuta pumzi. Mara nyingine nilitoa kaske, kile kifaa cha kusikilizia, masikioni ili nitazame nyuma yangu.

Hapo njo nilimjua Kasongo. Tulichimba mifereji pamoja. Mtoto wa Ankoro, alikua akipiga kasia kwenye Luvua, kifua kipana. Kila operateri ana tabia yake kabla ya kusema. Kasongo alifinya kitufe akapuliza mikro ya kusemea mara mbili, fu, fu, ndipo aseme. Ajida alimkemea mpaka akachoka. Baadaye Kasongo alitumwa kwenye posti ya kilimani, upande wa Nyunzu, na kama kawaida ya askari wetu akaondoka na mke wake, Mama Feza. Fonia yake ilikaa ndani ya shimo lililofunikwa kwa magogo, waya imefukiwa kuanzia hapo hapo. Kila alasiri nilisikia fu, fu, na moyo ulitulia.

Kisha posti ikashambuliwa. Waliokimbia walifika Nyunzu wakasema Kasongo ameanguka. Nililia, siwafichi. Kesho yake alasiri nilikaa kwenye fonia kwa mazoea tu.

Fu, fu.

Kisha kimya. Nikakimbia kwa Komanda wa kambi.

"Sajini, Kasongo alikufa. Batu walimuona kwa macho."

"Anayepuliza ni nani basi, Komanda?"

"Adui. Wamekamata mashine, wanataka tutume batu ili wapate kuwaua. Ukisema hata neno moja kwa ile fonia, nitakufunga."

Hakuwa mjinga, mitego ya namna hiyo ilikuwapo. Lakini kama kuna muntu mzima ndani ya lile shimo, nani atamtoa? Kesho yake pumzi ilipokuja, nilifinya kitufe. Neno sikusema. Nilipuliza, fu, fu, vile vile alivyofanya yeye. Nikasikia pumzi ikitetemeka, kama ya muntu anayezuia kilio.

Ikawa hivyo kila alasiri, mimi na ile pumzi. Sikuweza kula. Nilijiambia ni Kasongo amejeruhiwa, hawezi kusema. Kisha nikajiambia wafu hawafinyi kitufe. Mvua ikanyesha, batri yake ikachoka, pumzi ikawa inatoka mbali zaidi kila siku. Nilimshika Ajida, tukaenda wote wawili kumsihi Komanda aje asikilize mwenyewe. Akaja amekasirika. Akavaa kaske.

Nilimwona anabadilika uso. Alivua kaske polepole.

"Hii njo Kasongo," akasema. "Namujua huyu. Hii njo yeye."

Akatuma askari siku ile ile.

Kasongo walimkuta mlangoni pa shimo. Alikuwa amekufa tangu siku ya vita. Ndani, gizani, alikuwa Mama Feza, akiishi kwa maji ya mvua na muhogo mkavu, mikro mkononi. Kusema aliogopa: mume wake alimkataza kabisa, maneno ya fonia ni ya serikali. Lakini alikuwa amemwona kila alasiri akifinya kitufe na kupuliza, akadhani kupuliza njo kunaamsha mashine. Kwa hiyo alipuliza, kwa pumzi ile ile aliyoisikia miaka yote.

Walipomshusha kwenye kamio, lori letu la jeshi, kambini, hakunisalimu. "Bwana yangu iko wapi?" akauliza. "Yule walimuzika kule si yeye. Mimi niliogopa hata kumutazama uso. Bwana yangu iko huku, alinijibu kila siku."

Nikamwambia, "Mama Feza, nilikuwa mimi. Pole, mama. Nilikuwa mimi." Akanitazama sana, bila chozi.

Leo nimestaafu. Mifereji ile ingali kambini, hakuna anayejua inapita wapi, na wanawake wanalima juu yake kwa raha zao. Mama Feza amepata nyumba upande wa Katanika. Baadhi ya siku alasiri ananitembelea, tunamenya muhogo, kisha anasema, "Mama Sajini, puliza." Nampulizia. Anafunga macho, anasema, "Njo yeye." Wajukuu wangu wanatoka nje.

Juzi alifunga macho, akasikiliza, uso ukamlainika. "Njo yeye," akasema.

Nilikuwa bado sijapuliza.