Pikapu Iliyomshinda Bibi Kupanda

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na nikiikumbuka bado natamani kumrushia mtu mwiko.

Ulikuwa mgongoni kwangu, hujaota hata jino. Baba yako alikuwa amechoka kukwama kwenye tope jeusi la huku kwetu Shishiyu kila mvua ikinyesha, akaamua kuinua pikapu yetu, ikae juu ya tope. Sawa, sikatai. Tukaenda kwa fundi, kule Somanda. Fundi akamwuliza, "Bosi, unapakia nini, na nani anapanda?" Swali la maana kabisa. Baba yako hakujibu. Alikuwa anazitazama zile seti za springi na shokapu kama anachagua dume la mbegu mnadani. Akaonyesha ndefu kuliko zote.

"Chukua ya kuinua inchi mbili tu," nikasema.

"Mama Minza, haya mambo ya wanaume."

Haya. Gari likarudi nyumbani limesimama kama twiga.

Kesho yake tulikuwa tunampeleka bibi yako, mayu, yaani mama yangu mzazi, hospitali Bariadi. Madaktari wa macho walikuja kwa siku hiyo tu. Jina lako likiitwa hupo, unabaki na ukungu wako mpaka Mungu awalete tena. Tukamkuta amejifunga kitenge kipya. Akapapasa mlango, akainua mguu, mguu ukaishia hewani.

"Mmeniletea gari au ghala?"

Wajomba zako walikuwa mnadani. Na baba yako, unajua mila zetu, hawezi kumgusa mama mkwe. Basi akasimama ametupa mgongo, anatazama mashamba ya pamba ya watu, anatoa maelekezo: "Msukume! Mguu wa kulia kwanza!"

"Mguu umeuonaje na umegeuka?" nikamfokea.

Akasema kwa sauti ndogo, "Labda twende pale kwenye tuta la kupakilia ng'ombe."

Mayu akasikia. "Mwambie mume wako," akaniambia, na mume wangu yupo hapo hapo, "mimi siuzwi."

Nikaleta kinu, nikakipindua, nikamsukuma kwa bega huku unanililia sikioni. Akaingia. Kinu nacho tukakipakia, maana kushuka nako ni shughuli. Na njiani, kwenye tope lile lile, tukakwama! Springi zimeinua bodi, ekseli, kile chuma cha kushika magurudumu, imebaki palepale chini. Trekta ndiyo ilituvuta. Tulifika jina la mayu likiitwa mara ya mwisho, akashukia kwenye kinu mbele ya wagonjwa wote.

Alipotoka na bandeji, akaniambia, "Mwambie mume wako, jicho hili likifunguliwa, cha kwanza kuangalia ni gari lake. Nilikute linapandika."

Baba yako alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa fundi kulishusha.

Kwa hiyo mwanangu, ukitaka kuinua gari, kwanza msimamishe mlangoni mtu mzee kuliko wote kwenu. Akishindwa kupanda, hiyo seti siyo yako, hata ingependeza vipi. Chukua fupi, weka matairi ya tope, jaribu breki na usukani kabla hujapakia watu. Na fundi akikuuliza kitu, mjibu, acha maringo.

Mungu akujalie gari imara na njia kavu. Na akikupa mume, akupe anayesikia mara ya kwanza.