Wasifu wa Shangazi Aliye Hai

Shangazi yangu ni mzima wa afya, ugali na mlenda anakula kunishinda mimi, lakini tangu mwezi wa tatu ananing'ang'ania nimwandikie wasifu wa kusomwa siku ya mazishi yake. Yaani amenichosha! Kila Jumamosi anatoka Msalato na kufika kwangu Chang'ombe kabla sijanawa uso, na salamu hataki ziwe ndefu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefika wapi?"

Chanzo ni msiba wa shoga yake. Marehemu alisomewa mistari mitatu tu: kazaliwa, kaolewa, kaugua. Shangazi alirudi analia kwa ajili ya ile mistari. "Na mimi hawa kaka zangu watanizika hivyohivyo, kama vile sikuwahi kuishi," aliniambia. "Wewe si unatunga hadithi? Nitungie."

Basi yeye anasema, mimi naandika.

"Andika nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama."

"Shangazi, kile kikundi si walikufukuza kwa kelele zako!"

"Wewe andika tu. Andika pia nilikuwa mpole."

Hapo nikatupa kalamu. Mpole! Watu wataangua kicheko makaburini, na aibu itakuwa yangu mimi msomaji.

Kwa hasira, wiki ile niliachana na wasifu nikarudi kwenye hadithi yangu iliyonikwama mwaka mzima. Ni ya msichana aliyemaliza darasa la saba, baba yake akakataa asiende sekondari, halafu asubuhi moja baba huyohuyo akamwambia afunge sanduku aende shule. Ndivyo ilivyonitokea mimi mwenyewe. Lakini kwenye karatasi ikagoma. Baba wa namna ile habadiliki hivihivi. Nikamleta mwalimu mkuu amsihi, baba akamfukuza. Nikamleta padri, naye vilevile. Ndipo nikakumbuka ng'ombe wageni waliolala zizini kwetu siku chache halafu wakatoweka. Baba alisema walikuwa wanapita tu. Katika hadithi nikawafanya mahari ya yule msichana. Sasa nani awarudishe? Nilihitaji mtu mwenye kelele, asiyeona haya, asiyejali kutukanwa na wanaume. Jamani, nilimjua mmoja tu. Nikamwandika shangazi anafungua zizi na kuwaswaga ng'ombe kumi na wawili mpaka kwa waposaji huko Chemba, peke yake, siku mbili kwa miguu.

Jumamosi nikamsomea, ili nimnyamazishe. Nilipofika kwenye ng'ombe, akaweka kikombe chini.

"Walikuwa wanane," akasema. "Na mmoja alikuwa na mguu mbovu, alinichelewesha sana."

Nililia palepale mezani. Miaka yote hii nimekuwa nikimshukuru baba! Nikamwambia shangazi kwamba hii ndiyo itakayosomwa, kila neno, tena kwa kipaza sauti.

"Futa," akasema.

"Nifute?"

"Baba yako atakuwa amekaa pale mbele. Unataka anizike huku anaona aibu mbele za watu?"

"Sasa wasomewe nini, shangazi?"

"Si nimeshakwambia? Mwenyekiti."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Wapi! Nikaokota kalamu, nikaandika mwenyekiti.